Kupumzika Vipi?

Asubuhi ile Mama Pindo aliifunika cherehani yake kwa shuka jeupe, akayanyoosha makunyanzi yote kama anayetandika kitanda cha mgeni, kisha akamkabidhi binti yake mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Na mkasi wenyewe haukuwa wa kuguswa na kila mwenye vidole! Tangu utotoni binti huyo alikuwa akipigwa vibao vya mkono kwa sababu yake. Aliyethubutu kuukatia karatasi nyumbani mle alijuta kuzaliwa. Leo mama mtu anaushika upande wa makali, anamwelekezea mpini, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mpe yule msichana niliyemfundisha kazi. Mwambie asiukatie karatasi."

"Na wewe je, Mama?"

"Mimi nataka kupumzika, mwanangu. Nimechoka."

"Basi pumzika, Mama. Umefanya kazi ya kutosha."

Binti akafurahi. Ndiyo, alifurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyokuja kumchoma baadaye. Kwa miaka mingi alikuwa akimwimbia mama wimbo huohuo: pumzika, acha kuinama, acha kujitoboa vidole. Macho ya mama yalikuwa yakiingia ukungu, na daktari alishatamka kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Wiki iliyopita mama alikuwa amepiga pindo la sketi ya shule, sketi ya bluu, kwa uzi wa kijani. Mteja akacheka. "Mama Pindo, siku hizi umeingia kwenye mitindo?" Mama naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko mteja. Huyu ndiye fundi aliyepewa jina la Mama Pindo na mtaa mzima kwa sababu pindo lake halifumuki, nguo ichanike kote lakini pindo libaki. Kesho yake akaanza kuwarudishia watu vitambaa vyao, nyumba kwa nyumba, kwa mkono wake mwenyewe. Binti akaona hatimaye mama amekubali. Akautia mkasi mkobani, akaenda zake kazini akiwa na moyo mwepesi.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Watu waliozidiwa, waliofika mahali ambapo hawaoni mbele wala nyuma, walipiga namba moja ya simu, nayo ikaita katika chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Kuta za chumba zilipigiliwa mazulia chakavu ili sauti zisigongane. Feni ilikuwepo lakini haikuwashwa, kwani mpigaji mmoja aliwahi kuuliza kama anaongea na watu walio ndani ya helikopta. Wasikilizaji walikaa katika vijisehemu vilivyotengwa kwa mbao, kila mmoja na visikizio vyake kichwani, na simu zao wenyewe zikiwa zimefungiwa katika droo ya msimamizi, asije mtu akaitwa na ya nyumbani huku ameshika roho ya mwenzake. Wenzake walimwita Blanketi kwa ajili ya sauti yake. Ukiisikia, walisema, unataka kujikunyata ulale.

Sheria za chumba hicho zilikuwa chache, na mkufunzi wao wa kwanza, mama mmoja mkavu asiyependa porojo, alizipigilia vichwani mwao kama misumari. Usikate simu kabla ya mpigaji. Na neno lile litaje. "Semeni kujiua," aliwaambia siku ya kwanza, na darasa zima likatazama sakafu. "Msiseme jambo baya, msiseme ile kitu. Ukimuuliza mtu waziwazi humpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Unampa mahali pa kulisemea." Kisha akaongeza jambo ambalo Blanketi aliliandika kwa kalamu nyekundu: "Watu wetu wana adabu mno. Hata kifo tunakisemea pembeni. Fulani ametutoka, fulani amepumzika. Kwa hiyo mtu akikuambia amechoka, muulize amechoshwa na nini. Akikuambia anataka kupumzika, muulize kupumzika vipi."

Miaka sita Blanketi aliuliza swali hilo. Aliwauliza wanafunzi, akawauliza wazee, akamuuliza hata askari mmoja aliyepiga akijifanya anaulizia habari za rafiki yake. Ulimi haukumkwama.

Mchana huo, chakula kikiwa bado kizito tumboni, simu iliita naye akaipokea. Kwanza alisikia bomba likidondosha maji. Kisha pumzi. Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na machozi.

"Hata sijui nimepiga kwa nini."

"Umefanya vizuri kupiga, dada. Niko hapa, nakusikiliza."

"Sina la kusema. Nataka kupumzika tu."

"Kupumzika vipi, dada?"

Bomba likadondosha, likadondosha tena. Blanketi alingoja, kisha akauliza kwa upole, lakini bila kuzunguka:

"Je, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

Akainua kadi nyekundu juu ya ubao. Ilikuwa ishara ya simu nzito. Msimamizi, mwanamume mnene aliyejua kutembea kama paka, akaja, akavuta kiti, akachomeka visikizio vyake ili asikilize pamoja naye. Blanketi aliuliza yanayoulizwa. Yuko wapi? Bafuni, nyumbani kwake. Yuko na nani? Peke yake, mlango kaukomea. Ameandaa kitu? Ameandaa, kiko pale karibu yake. Kila jibu lilitoka kwa adabu, kana kwamba yule dada anajibu maswali ya karani.

"Kuna mtu yeyote uliyemwambia unavyojisikia?"

"Nilimwambia mume wangu." Akaguna, karibu acheke. "Leo asubuhi, anafunga kamba za viatu. Nikamwambia, baba watoto, mimi nataka kupumzika. Unajua alinijibu nini?"

"Alikujibu nini?"

"Akaniambia, basi pumzika. Tena alifurahi. Akaondoka zake anapiga mluzi."

Mkoba wa Blanketi ulikuwa chini ya meza, umeegemea mguu wake. Ndani yake mkasi ulikuwa mzito, aliusikia kwenye kifundo cha mguu kupitia ngozi ya mkoba. Shuka jeupe. Vitambaa vilivyorudishwa nyumba kwa nyumba. Mpe yule msichana. Nataka kupumzika, mwanangu. Jamani! Watu hugawa vitu vyao kabla. Angeweza kulisema hilo usingizini, alikuwa akiwafundisha wageni wa kazi, aliwaambia waulizie kama mpigaji ameanza kugawa vitu vyake. Na yeye amepewa mkasi mkononi, akasema basi pumzika, akautia mkobani. Msimamizi akamgeukia.

"Halo?" ikasema sauti ya bafuni. "Umekata?"

"Sijakata. Usikate, Mama."

"Umeniita mama?"

"Samahani, dada. Ulimi umeteleza."

Mkono wake ukavuta karatasi, ukaandika maneno yaliyopinda kama ya mtoto: Mama yangu. Mpigie. Sasa hivi. Msimamizi akayasoma, akamtazama, hakuuliza kitu. Aliondoka kwa ile hatua yake ya paka, na Blanketi akasikia droo ikifunguliwa kwa nyuma.

Sasa uoga ulikuwa umegawanyika, nusu uko bafuni kwa mtu asiyemjua, nusu uko nyumbani kwenye chumba chenye cherehani, naye amefungwa katikati kwa waya wa visikizio. Kila sekunde aliyompa mmoja alimnyima mwingine. Akazungumza. Alimwomba yule dada akichukue kile kitu, akiweke mbali, nje ya dirisha ikiwezekana. Sauti yake ilitoka ikiwa vipande vipande.

Msimamizi akarudi. Kwenye karatasi aliandika: Inaita. Hapokei. Akaenda tena, akarudi, akaandika chini yake: Jirani naye hayupo, nimempigia yuko sokoni. Kisha akajigonga kifuani kwa kidole, akaelekeza visikizio: nipe mimi, wewe nenda.

Mungu wangu, alitaka! Miguu ilishaanza kuinuka yenyewe.

"Dada, nina mwenzangu hapa, mtu mzuri sana," alisema. "Ungekubali uzungumze naye kidogo?"

"Ukiondoka wewe na mimi naondoka."

Akakaa. Alikaa kama aliyesukumwa, akafumba macho, na nyuma ya macho akamwona mama amelala. Akayafumbua haraka.

"Unatetemeka," ikasema sauti. "Nakusikia. Unaogopa?"

Hapo palikuwa na jibu la darasani, jibu laini la kumrudisha mpigaji kwenye habari zake mwenyewe. Blanketi alilitafuta, hakuliona.

"Ndiyo," alisema. "Naogopa."

"Unaniogopea mimi?"

"Nakuogopea wewe." Ilikuwa kweli, hata kama haikuwa kweli yote. "Naogopa nikusikie unanyamaza."

Bomba likadondosha. Halafu kikaja kilio, kwanza kidogo, kisha cha kwikwi, kilio cha mtu aliyejizuia siku nyingi. "Mimi nilidhani hakuna anayeogopa," alisema yule dada. "Nilidhani wote wangeshusha pumzi."

"Nani yuko karibu nawe, umwite aje? Hata kama hampatani."

"Wifi yangu. Nyumba ya pili. Lakini simsemeshi, tangu siku alipoingia jikoni kwangu akaanza kunikagulia sufuria."

"Leo mwache azikague. Fungua mlango umwite."

Komeo likagoma, kisha likaachia. Blanketi alisikia nyayo zisizo na viatu zikivuka sakafu, dirisha likisukumwa, na sauti iliyopasuka: "Wifi! Wifi, njoo!" Kwa muda hapakuwa na kitu. Msimamizi aliuma kalamu. Kisha kandambili zikaja mbio, mlango ukabamizwa, na mwanamke mwingine akapiga kelele, "We! Una nini wewe? Mbona hivyo? Njoo hapa, njoo kwangu," na maneno mengine yaliyozama nguoni mwa mtu.

Wifi mtu akaichukua simu. "Nani mwenzangu?"

Blanketi alimweleza kwa maneno machache: akiondoe kile kitu, ampeleke hospitali leo hii, asimwache peke yake hata dakika moja.

"Simwachi," alisema wifi. "Hata chooni naingia naye. Ahsante, mama." Akakata yeye.

Kwa kawaida, baada ya simu kama hiyo, msikilizaji hupewa maji, hukalishwa na msimamizi, huambiwa aseme anavyojisikia. Siku hiyo msimamizi alimpa simu yake tu mkononi. "Pikipiki iko chini, nimeshamwambia dereva. Nenda."

Aliishuka ngazi hata hakumbuki kuishuka. Njiani alipiga namba ya mama mara kwa mara, simu imebanwa sikioni chini ya kofia aliyopewa na dereva, na kila mara iliita mpaka ikachoka. Mlio wenyewe ulianza kumtisha. Je, simu inaita wapi? Iko mkononi mwa nani? Aliwaza jinsi wapigaji wake wote walivyokuwa na ndugu waliosema basi pumzika, akakumbuka alivyowahukumu ndugu hao moyoni, watu gani hawa wasiosikia, wana pamba masikioni? Dereva alimuuliza wapite njia ya shule au ya soko. Akashindwa kujua nyumbani kwao ni wapi. Ilibidi afikiri.

Geti lilikuwa limerudishiwa tu. Sebuleni shuka jeupe lilikuwa vilevile, bila kunyanzi.

"Mama!"

Nyumba haikujibu. Alipita jikoni, vyombo vimeoshwa na kufunikwa. Alipita uani, kamba haina nguo. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa, na mama hakuwahi kuufunga mchana, maana alisema mtu mwenye mlango uliofungwa mchana ana deni au ana mgonjwa. Binti akaweka mkono kwenye kitasa. Mkono ukagoma. Watu asiowajua, waliokuwa mbali naye kwa waya mrefu, aliwafungulisha milango kila siku kwa maneno matamu. Mlango huu mmoja, wa mbao, anaoujua kila mkwaruzo wake, haukumpa nguvu hata ya kidole. Akasukuma kwa bega.

Mama alikuwa amelala kitandani, ameelekea ukutani, amevaa nguo yake ya kutokea. Viatu vilipangwa sawasawa chini. Simu ilikuwa juu ya mto, karibu na kichwa, kitaa chake kinawakawaka.

"Mama?"

Bega likasogea.

"Kuna nini?" alisema mama bila kugeuka. "Nani anakukimbiza?"

Alijikuta sakafuni, ameegemea kitanda, analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Mama akageuka taratibu, akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa chake.

"Ala! Wamekufukuza kazi?"

"Hawajanifukuza."

"Na mkasi wangu umeufikisha?"

"Bado uko mkobani."

"Usije ukaukatia karatasi."

Wakacheka, wote wawili. Na kicheko kile kilikuwa kitamu, jamani. Kingetosha. Angeweza kuinuka, kunawa uso, kuweka maji ya chai jikoni na kujiambia kwamba ni hofu za kazini tu zimemfuata nyumbani, kwamba mama alipitiwa na usingizi. Mambo yangeisha hapo, na jioni wangeisimulia kama kichekesho. Alishaanza kuinuka.

"Simu hukuisikia, Mama?"

"Niliisikia."

Alisema hivyo tu. Binti akarudi chini. Ukungu wa macho ya mama ulimtazama pembeni kidogo ya uso, pale mama alipodhani uso ulipo.

"Asubuhi uliniambia unataka kupumzika."

"Nimesema. Si napumzika? Au hunioni?"

"Kupumzika vipi, Mama?"

Mkono uliokuwa ukimpapasa kichwani ukasimama.

Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, neno alilolitamka mchana huohuo bila kupepesa. Sasa lilikuwa zito kama jiwe. Lilionekana ni utovu wa adabu, ni laana, mtoto kumtamkia mzazi maneno hayo machoni. Nani amemlea hivyo? Na lililomwogopesha zaidi halikuwa neno, bali lile litakalofuata. Kwa mgeni unauliza, na lolote atakalojibu, jioni unarudi nyumbani. Hapa ndipo nyumbani. Akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, unafikiria kujiua?"

Nje mtu alipita akibishana na simu yake. Sauti ikaja, ikapita, ikaisha. Mkufunzi aliwahi kuwaambia kwamba asiye na wazo hilo aghalabu hukujibu upesi, pengine kwa hasira, pengine kwa kicheko. Anayenyamaza, ngoja naye. Binti alikuwa akiomba hasira. Aliomba kibao cha mkono, kile cha zamani. Alisubiri mama aseme we mtoto una wazimu.

Mama hakusema. Kidole gumba chake, kilichojaa vitobo vya sindano za maisha yote, kilipita juu ya kucha za binti, moja baada ya nyingine, kama anayekagua mshono gizani.

"Ndivyo mnavyowauliza watu huko?" alisema mwishowe. "Hivyohivyo, kavukavu?"

"Ndivyo, Mama."

"Na mtu akikujibu ndiyo?" Sauti ilikuwa ndogo, sauti ambayo Mama Pindo hakuwahi kumwonyesha mteja yeyote. "Wewe hufanyaje?"

Binti hakuuachia mkono.

"Huwa sikati, Mama."

Mama akajivuta pole pole kuelekea ukutani, akaacha nafasi kitandani ya kumtosha mtu mmoja.

"Basi vua viatu," alisema.